Boila ya Mama Cécile

Kalemie, tarehe 3 Juni 2024

Papa Onésime,

Ninawasalimia, mimi mupangaji wenu wa Kalemie, wa ile nyumba ya wakati wa Wabelgiji. Kwanza pole tena kwa kilio cha Mama Cécile, muke wenu. Tangu tulipopata habari ile mwezi wa pili, sijaacha kumuombea. Alikuwa akifika hapa na mizigo yake ya Kigoma, hakai hata kidogo mbele ya kuzunguka nyumba yote kuangalia bomba gani inavuja.

Papa, najua simu hamuiwezi tena juu ya masikio, na mulisema maneno ya nyumba yaandikwe yapande boti. Basi ninaandika: boila imekufa. Ile kubwa ya chuma, ya kuchemsha maji kwa umeme, kwenye ukuta wa bafu. Ilianza kutoa maji ya kutu wiki ya Pentekoste, Ijumaa ikatoboka chini, maji yakafika mpaka chumba cha kulala. Fundi Prospère aliifungua. Alisema tumbo lake lote limeliwa na kutu, hakuna pa kulehemu tena. Inatakiwa mpya.

Ninawaomba sana muharakishe. Mimi njo muntu wa kushona, jioni mugongo unaniuma, bila maji ya moto silali. Na kiangazi njo hiki kimefika, baridi inashuka toka milimani. Nyumba yenu niliichagua juu ya boila ile, siwafichi.

Mwenye heshima kwenu,
Léontine, Mama Elsa


Kalemie, tarehe 5 Juni 2024

Mudogo wangu Lydie,

Habari ya Mpala? Ninakuandikia kwa sababu huko kwenu mutandao hakuna, na hapa sina muntu wa kumuambia.

Boila imetoboka. Wewe unajua maana yake. Wengine watasema, ehe, Léontine amekuwa muzungu, anataka maji ya moto. Wewe ulimshika Elsa mikono siku zile damu yake ya SS, ule ugonjwa wa kuzaliwa nao, ilipomukamata miguu, ukasikia alivyolia. Daktari alisema mara elfu: mutoto huyu asiguse baridi, anywe maji mengi, asichoke. Miaka miwili katika nyumba hii, kila viungo vikianza kumuuma, ninamuingiza ndani ya beseni, maji ya moto yanashuka, na maumivu yanarudi nyuma. Miaka miwili hatujalala lopitali hata mara moja, Lydie! Ilikuwa boila ile, baada ya Mungu.

Utaniuliza, umemuambia mwenye nyumba? Sikumuambia. Nilimuambia mugongo wangu. Umesahau Kataki, mutaa ule tulikopanga kwanza? Mwenye nyumba ule alisema mutoto analia mpaka majirani wanafikiri mule ndani mna uchawi, akatutupia magodoro njiani. Na baba ya Elsa, siku aliposikia neno SS, alisema kwao hakuna ugonjwa ule, akafunga valizi ya nguo zake, akatuacha. Sasa nifungue kinywa tena kwa nini? Papa Onésime ni muntu wa kanisa, lakini hata ule wa Kataki alikuwa na rozari.

Ninachemsha maji kwa mbabula, jiko lile la moto wa makala. Makala ya siku hizi inatoa moshi tu, ndoo moja inanikula saa nzima, na nguo za watoto za komunyo zinaningoja kwenye mashini. Elsa ananiangalia tu. Amefika miaka kumi na moja, anaelewa kila kitu.

Usimuambie muntu.

Dada yako Léontine


Moba, tarehe 14 Juni 2024

Mama Elsa,

Tumsifu Yesu Kristu.

Nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilivaa miwani, nikidhani nimekosea. Maji ya moto! Ziwa lote la Tanganyika liko mlangoni pako, jua la Kalemie linaunguza mabati, na wewe unalilia maji ya moto kama padri mgeni aliyeshuka jana kwenye ndege. Mimi nimefundisha miaka thelathini na nane huku Moba, ambako baridi ya mlimani inakata masikio, na nimeoga maji ya mtungi kila alfajiri. Niko na miaka sabini na minne. Mgongo unauma? Wangu pia.

Lakini nyumba ni nyumba, na mwenye nyumba ana wajibu wake. Marehemu aliona mwenyewe kwamba boila inachoka, akaagiza mpya Kigoma kabla hajatuacha. Bado haijavuka ziwa. Ikifika nitaituma kwa boti ya Jumanne, na Prospère ataifunga. Mvumilivu hula mbivu, mama.

Asante kwa kumkumbuka Cécile. Wengi walimkumbuka wiki moja.

Mwalimu Onésime


Moba, tarehe 14 Juni 2024

Shemeji yangu Kalenga, huko mlimani,

Salamu kwako na kwa ndugu wote wa marehemu. Nakutumia barua hii kwa mkono wa mkatekista wenu.

Nyumba ya Kalemie imepata shida. Boila yake imekufa, na mpangaji analalamika. Sasa, boila mpya ipo. Cécile aliinunua Kigoma mwezi wa kwanza, safari yake ya mwisho, akaishusha hapa Moba akisema ataipeleka mwenyewe. Hakuipeleka. Imo chumbani mwake ndani ya sanduku, chini ya dirisha, na ndala zake za safari ziko juu yake. Mpangaji nimemwambia bado iko Kigoma, maana haya mambo ya kwetu siwezi kumweleza mtu wa nje.

Siku ya maziko mlifunga chumba, ufunguo mkaniachia mimi. Desturi naijua: mume hatoi kitu cha mkewe mpaka ndugu zake waje kutoa kilio, yaani kumaliza matanga, na kugawa vitu. Sitaki kesho mtu aseme Onésime alianza kumaliza vitu vya dada yenu hata kaburi halijakauka. Kwa hiyo nauliza. Mnakuja lini?

Shemeji yako,
Onésime


Mlimani, tarehe 25 Juni 2024

Shemeji,

Wewe umesoma sana, mpaka umesahau kufikiri.

Kilio ni cha vikwembe vya dada yangu, na sufuria zake, na kitanda chake. Vile, ukivigusa, tutagombana. Boila ni chuma ya nyumba! Alinunua juu ya wapangaji, siyo juu ya kujifunika. Ukiikalisha mule ndani wakati watu wanaihitaji, njo unamukosea yeye mwenyewe. Nimeuliza wazee wawili hapa, wamecheka. Fungua, toa sanduku, funga. Kama unaogopa midomo ya watu, muite mukatekista asimame mulangoni aone hujachukua kingine.

Sisi tutakuja tukisha kuvuna maharagi. Utafute mbuzi, asiwe ule mwembamba wa mwaka jana.

Kalenga


Kalemie, tarehe 2 Julai 2024

Papa Onésime,

Aksanti kwa barua. Nilicheka pale pa padri mgeni, halafu nikaacha kucheka.

Boti ya Jumanne imefika mara mbili, nimeenda bandarini mara mbili, hakuna kitu. Papa, siwasumbui kwa kiburi. Kama boila ya Kigoma inachelewa, muniruhusu Prospère atafute nyingine hapa, hata ya zamani, hata ndogo ya ndoo mbili. Ninaweza kuwashonea suti ya kutoa kilio, na nguo za shemeji zenu wote, bila kuomba kitu. Nipeni vipimo tu.

Kurudi kwa umeme wa mutambo wa maji wa Bendera kunaniumiza roho zaidi. Siku hizi haukatiki, taa inawaka asubuhi mpaka asubuhi, na pale ukutani pamebaki nyaya mbili zinazoning'inia. Ninachemsha kwa mbabula, kikohozi cha moshi kimenishika. Elsa naye ana mafua kidogo.

Kuna neno lingine nilitaka kuwaandikia. Hapana, siyo kitu. Ni baridi tu.

Munihurumie, Papa.

Léontine, Mama Elsa


Moba, tarehe 8 Julai 2024

Shemeji Kalenga,

Utanicheka tena, cheka tu. Sijafungua.

Nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza nilimwita mkatekista, kama ulivyosema. Alisimama pale na kofia mkononi, mimi nikaingiza ufunguo, nikauchomoa bila kuuzungusha. Nikamwambia kufuli limeshika kutu. Kufuli halina kutu, shemeji. Nalipaka mafuta kila Jumapili.

Nikikaa kwenye kiti karibu na mlango ule, kuna harufu yake inayopita chini: sabuni yake, na samaki kidogo, unajua biashara yake. Mchana wote nakaa pale. Watu wanadhani nasali. Nikifungua, harufu itatoka nje yote, na ndipo Cécile atakuwa amekufa kweli. Miaka arobaini na sita, Kalenga! Sijui hata chumvi alikuwa anaiweka wapi.

Mkija nyinyi na mbuzi na nyimbo, nitaweza, kwa sababu nitashikwa. Peke yangu siwezi. Maji ya moto si uhai wa mtu, yanaweza kungoja maharagi yenu.

Onésime


Moba, tarehe 9 Julai 2024

Mama Elsa,

Tumsifu Yesu Kristu.

Boila bado. Upepo ziwani ni mkali na boti za Kigoma hazivuki vizuri. Usinunue nyingine. Marehemu alichagua hiyo mwenyewe na sitaki ifungwe ya mtu mwingine ukutani kwake. Kuhusu suti, sihitaji.

Mtoto mwenye mafua umpe chai ya mchaichai na tangawizi. Wangu sita nilikuza hivyo. Watoto wa siku hizi mnawalegeza.

Ngoja mpaka mwezi wa nane.

Mwalimu Onésime


Kalemie, tarehe 19 Julai 2024

Lydie, mudogo wangu,

Tuko lopitali siku ya tatu. Ninaandika kwenye goti.

Jumatatu nilikuwa na nguo ya arusi ya kumaliza, nimeinamia mashini tangu asubuhi. Elsa akatoka bafuni, nywele zinatona maji, anatetemeka, meno yanagongana, lakini anacheka. Akaniambia, «Mama, uendelee kushona tu, mimi nimeoga mwenyewe. Makala uiweke ya kesho.» Yale maji ya bomba, Lydie! Ya asubuhi ya kiangazi! Nikamfunika na kila kikwembe cha nyumba, nikamulalia juu. Ikawa bure. Saa sita miguu, saa nane mugongo, kesho yake kifua. Ananiomba nisimuguse, halafu ananiomba nimushike.

Wamemutia damu chupa moja, wanatafuta ya pili. Daktari aliniuliza ilianza namna gani. Nikasema aliogea baridi. Aliniangalia kama muntu anayeangalia mama mubaya.

Alikuwa anataka kunisaidia tu. Hilo njo linaniua.

Lydie, nitamuandikia muzee ukweli. Akitaka atufukuze, atufukuze, tutalala kanisani. Nilikuwa ninaficha ili mutoto apate pa kulala, na sasa sijui kama atarudi kulala pale. Njoo kama unaweza.

Léontine


Kalemie, tarehe 21 Julai 2024

Papa Onésime,

Leo sisalimii kwa maneno mengi, munisamehe.

Niliwadanganya. Mugongo wangu hauna kitu. Elsa njo mugonjwa. Alizaliwa na damu ya SS, wengine wanaiita selimundu. Baridi ikimushika, damu inafunga njia mwilini, na kila mufupa unakuwa moto. Maji ya moto yalikuwa dawa yake. Sikuwaambia kwa sababu nilikwisha kufukuzwa nyumba moja juu ya ugonjwa huu, na bwana yangu aliniacha juu yake. Nilifikiri na ninyi mutaogopa.

Jumatatu aliogea maji ya baridi ili mimi nisichoke. Sasa yuko lopitali na kifua kinamubana. Daktari anasema akitoka, asiguse tena baridi hata kidole. Ninataka atoke akute boila ukutani. Papa, hata kama iko Kigoma, hata kama iko chini ya ziwa, muitafute.

Mukitaka tuhame, tutahama bila kelele. Lakini mutupatie kwanza maji ya moto ya mwezi huu.

Mama Elsa


Moba, tarehe 30 Julai 2024

Mama Elsa, binti yangu,

Barua yako imenifikia leo saa nne ya asubuhi. Boti ilizuiwa na mawimbi Mpala siku tano. Saa nne na robo nilikuwa nimekwisha kufungua mlango.

Mlango gani? Sasa zamu yangu ya kusema ukweli. Boila haikuwa Kigoma. Ilikuwa hapa kwangu, hatua kumi na mbili kutoka kitandani mwangu, ndani ya chumba cha Cécile. Nilijificha nyuma ya desturi ya kilio, na shemeji yangu aliponiondolea desturi nikajificha nyuma ya upepo. Ruhusa niko nayo tangu mwezi wa sita. Niliogopa kuona chumba chake bila yeye. Ni hilo tu. Mzee mzima, mwalimu, niliyewaambia watoto wa watu kwamba uongo ni dhambi!

Unajua nilikuta nini mle ndani? Vumbi, na panya amekula ndala moja. Harufu niliyokuwa nailinda haikuwemo. Pengine iliisha zamani, na mimi nikawa nalinda kuta.

Na ubavuni mwa sanduku, upande wa ukuta, Cécile aliandika kwa biki: «Ya nyumba ya Kalemie. Ifike mbele ya kiangazi, mutoto wa Léontine hawezi baridi.» Alikwisha kuona, mama. Wewe hukumwambia, naye hakukuuliza, aliona mwenyewe tu. Nilikaa chini sakafuni nikasoma mstari ule mpaka miwani ikajaa maji.

Nimebeba sanduku mwenyewe mpaka bandarini kwa kitoroli cha jirani, sikumngoja mtu. Linapanda boti pamoja na barua hii. Prospère alipokee na alifunge siku hiyo hiyo, hata ikiwa Jumapili, dhambi iwe yangu. Kuhama? Nani amekufukuza? Elsa aoge asubuhi, aoge mchana, aoge jioni, ayamwage kama anataka. Akiwa na nguvu, mwambie kuna mzee wa Moba anaomba msamaha wake.

Na uniandikie namna alivyoyaona hayo maji. Nitangoja bandarini kila boti.

Baba yenu,
Onésime


Kalemie, tarehe 5 Agosti 2024

Papa Onésime,

Mulisema niwaandikie namna Elsa alivyoyaona maji.

Elsa alitutoka Alhamisi, tarehe moja, saa tisa ya mchana. Kifua kilikataa. Mudogo wangu Lydie alikuwa amefika toka Mpala, tulimushika sisi wawili. Jioni tukamurudisha nyumbani.

Ijumaa asubuhi Prospère alifika toka bandarini na sanduku juu ya kichwa. Akakuta wamama wameketi chini, vilio, viti vya watu uani. Akasimama mulangoni na sanduku lile, hajui aliweke wapi. Aliniuliza polepole, «Mama, nilirudishe?» Watu walifikiri nitamupigia kelele. Nikamuambia afunge. Wengine walisema nimepotea akili, kazi ya fundi haifanywi kwenye nyumba ya kilio. Nikasema Mama Cécile aliandika ubavuni mwa sanduku ifike, basi imefika. Akafunga, sisi tukiwa tunalia upande ule na nyundo inalia upande huu. Saa sita taa nyekundu ya boila ikawaka.

Papa, siwalaani. Nilitaka kuwalaani, nikasoma barua yenu mara tatu nitafute pa kuanzia, na kila mara ninajikuta mimi. Ninyi mulikuwa na ufunguo mufukoni, mimi nilikuwa na neno kinywani. Ninyi mulifungua siku mulipojua. Kama ningeandika tarehe tatu ya mwezi wa sita nilichoandika tarehe ishirini na moja ya mwezi wa saba! Mafua kidogo, niliwaambia. Mafua. Sasa nitaishi na neno lile mpaka kufa kwangu.

Msamaha wake hakuuacha, kwa sababu hakujua kama kuna muntu wa kumusamehe. Yeye alifikiri kosa ni lake, la kuoga.

Nitatoka mwisho wa mwezi, niende Mpala kwa Lydie. Muweke mupangaji mwenye watoto. Boila ni nzuri, haivuji popote.

Ijumaa ile, wamama walipofika kumuogesha Elsa mbele ya kumuzika, Lydie alijaza beseni kwenye bomba. Maji yalikuwa ya moto sana, mukono haukuvumilia, mvuke ulijaa bafu lote. Mama mumoja akainua ndoo ya baridi ayapoze kidogo. Nikamuambia aiache ile ndoo. Tulingoja mpaka yakapoa yenyewe.

Mama Elsa